Karibi ya Mashariki au ya Magharibi: uchague ipi ukipanda meli kubwa

Wifi yangu wa Columbus, Ohio, alinipigia simu Jumapili moja jioni akiwa amefungua safari mbili kwenye kompyuta. Zote ni za meli kubwa, zote usiku saba, bei zinakaribiana. Ya kwanza inaondoka Galveston, Texas, kwenda Roatán huko Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel huko Meksiko. Hiyo ndiyo inayoitwa Karibi ya Magharibi. Ya pili inaondoka Miami kwenda St. Maarten, St. Thomas na kisiwa kimoja cha Bahamas. Hiyo ni ya Mashariki. "Wifi, wewe umepanda zote mbili. Sisi tukate tiketi ya ipi?"

Tulizungumza mpaka simu yake ikaisha chaji, na bado kuna mambo sikuyafikia. Nayaandika hapa kwa ajili yake na kwa kila anayejiuliza swali hilo. Sisi tunaishi Houston. Ya Magharibi tulipanda mwezi wa Julai, ya Mashariki tukapanda Machi shule zilipofungwa. Mara zote mbili tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu, mtu wa Tanga, miaka 71, magoti yake hayataki ngazi.

Jibu langu fupi ni hili. Kama watu wenu wanapenda kuingia majini kutazama samaki, au kama mnaishi Texas, nendeni Magharibi. Kama wanapenda kushuka na kutembea kwenye mji mkongwe, na visiwa vyenye vilima, nendeni Mashariki. Ila yapo mambo yanayoweza kuligeuza jibu hilo kabisa, nayo ni karatasi za kusafiria, mwezi mnaosafiri, na afya ya mzee mnayemchukua.

Melini kwenyewe hakuna tofauti

Usichague upande kwa sababu ya mabwawa na maonyesho. Meli nyingi kubwa hupokezana njia: wiki hii Mashariki, wiki ijayo Magharibi, na vitu vilivyomo ni vilevile. Ili upate picha ya ukubwa, Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 kutoka Miami, ina sitaha 20, urefu wa karibu mita 365, mabwawa saba, na ikijaa huchukua abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350. Yetu hazikufikia hapo, na hata hivyo kutoka chumbani hadi kwenye bufee mama alikuwa anakaa kupumzika mara moja njiani. Mwenye mzee aombe chumba karibu na lifti siku anapolipia, maana ukishapanda vyumba vimejaa.

Bei unayoiona inalipia chumba, chakula cha mkahawa mkuu na cha bufee, maji, chai, kahawa ya kawaida, maonyesho ya jioni, na klabu ya watoto kuanzia miaka mitatu. Haimo soda, pombe, intaneti, mikahawa maalumu wala matembezi ya bandarini. Na haimo bahashishi, ambayo wengi wetu huigundua mwishoni. Kwa vyumba vya kawaida, kampuni nyingi hutoza kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, na mara nyingi mtoto naye anahesabiwa. Piga hesabu: watu watano kwa dola 17 kwa siku saba ni dola 595. Ukilinganisha safari mbili, linganisha jumla ya mwisho yenye kodi za bandari na bahashishi, maana ile bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa haisemi yote.

Kuhusu chakula, kwa sisi Waislamu: bufee ina nyama ya nguruwe, wakati mwingine kwenye trei iliyo jirani na ya kuku, na nyama nyingine si za kuchinjwa kwa halali. Andika ombi la halali wiki kadhaa kabla ya safari, kisha usiku wa kwanza mwone msimamizi wa mkahawa mkuu. Alituletea menyu ya kesho kila jioni, tukachagua mapema, na tukala samaki, mboga na vyakula vya Kihindi bila wasiwasi.

Jambo moja sikulitarajia. Beji za wahudumu zina jina na nchi anayotoka mtu. Ufilipino, India, Indonesia, Jamaika, ndivyo tulivyosoma siku ya kwanza. Siku ya pili kijana aliyetuletea chai alikuwa na beji iliyoandikwa Kenya. Mama akaisoma pole pole, akamwuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, kwenu wapi?" Yule kijana akaweka trei chini kwanza. "Shikamoo mama. Likoni." Tangu hapo kila asubuhi chai ya mama ilikuja na jagi la maziwa ya moto, bila kuagizwa. Wafanyakazi hawa hukaa miezi mingi mbali na nyumbani na wanafanya kazi karibu kila siku. Waiteni kwa majina yao, na wakiwahudumia vizuri, waongezeeni kitu mkononi.

Karatasi kabla ya pesa

Meli hizi karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani, kwa mfano Bahamas au Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kubeba abiria kati ya bandari za Marekani tu, kwa hiyo kila safari lazima iguse nchi nyingine. Maana yake, siku meli inapong'oa nanga umetoka Marekani, na siku ya kurudi unaingia upya.

Raia wa Marekani anaruhusiwa kupanda meli inayoanza na kumalizia bandari ileile akiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Mimi nasema abebe pasipoti. Ukiugua Honduras na kuhitaji ndege ya kurudi, cheti cha kuzaliwa hakitakupandisha. Mwenye ukaazi wa kudumu abebe kadi yake pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi, tazameni viza yake inaruhusu kuingia mara ngapi. Ya mara moja inakufa siku mnayoondoka.

Hapa pande mbili zinatofautiana. Upande wa Mashariki, St. Thomas na San Juan ya Puerto Rico ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo bandari hizo hazina viza ya nchi nyingine, ingawa St. Maarten na Bahamas zina masharti yao. Upande wa Magharibi, Meksiko haidai viza yake kwa mtu mwenye viza hai ya Marekani au ukaazi wa kudumu, lakini Honduras na Belize ni nchi mbili zaidi za kuulizia. Na ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi wawe makini zaidi ya wote, kwa kuwa si kila nchi inaitambua hati hiyo. Iandikieni kampuni ya meli barua pepe, mtaje kila bandari kwa jina, na msubiri jibu la maandishi kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Anayezuiliwa gatini kwa sababu ya karatasi kwa kawaida harudishiwi nauli.

Bahari ina tabia mbili

Kutoka Galveston tulikaa siku mbili nzima baharini kabla ya kuona Roatán, na siku moja wakati wa kurudi. Kutoka Miami kwenda St. Maarten nako ni siku mbili za maji matupu, na moja tena njiani kurudi Bahamas. Idadi hailingani kwa kila ratiba, lakini haitofautiani sana. Kinachotofautiana ni maji.

Njia ya Mashariki inapita upande ulio wazi kwa Atlantiki, na upepo wa mashariki unavuma karibu mwaka mzima. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba, lakini usiku wa pili chai ilikuwa inacheza kwenye kikombe na mama moyo ukamchafuka. Alilala na tangawizi mpaka asubuhi. Njia ya Magharibi mwezi wa Julai ilikuwa shwari, watoto walisahau kama wako baharini. Wakati wa baridi hali hubadilika: upepo wa kaskazini hushuka ghafla kwenye Ghuba ya Meksiko, na ukungu wa Galveston huweza kufunga mlango wa bandari kwa saa nyingi, Januari na Februari hasa. Ukirudi msimu huo, usikate tiketi ya ndege ya asubuhi.

Anayechafukwa haraka achukue chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini. Roshani ni nzuri, ila ya sitaha ya juu karibu na ncha ya mbele ndiyo inayoyumba kuliko zote. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi kwa bei na kina giza la kutosha kulala mpaka adhuhuri; sikishauri kwa mzee, kwa sababu mama alisema asingejua kumekucha.

Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni katikati ya Agosti mpaka katikati ya Oktoba. Meli haiingii kwenye kimbunga, inakikwepa. Kukikwepa kuna maana kwamba uliyelipia Mashariki unaweza kujikuta Cozumel, na mkataba wa tiketi unamruhusu nahodha kufanya hivyo. Miezi hiyo bei hushuka sana. Ukienda Septemba, nenda kwa ajili ya meli, wala usiahidi watoto kisiwa chochote kwa jina.

Magharibi: matumbawe, na kijiji cha Punta Gorda

Utajiri wa upande huu uko chini ya maji. Kutoka Meksiko kupitia Belize hadi Honduras kuna mwamba wa matumbawe wenye urefu wa karibu kilomita 1,000, wa pili kwa ukubwa duniani wa aina yake baada ya ule wa Australia. Cozumel na Roatán ziko juu yake. Watoto wangu, ambao hawajawahi kuzamisha kichwa nje ya bwawa, walivaa miwani ya maji na boya la kiunoni Cozumel, na kwa dakika arobaini hawakuomba chochote. Samaki wa rangi walikuwa umbali wa mkono.

Costa Maya ni ya kupumzika tu, na gati yake ni ndefu. Kati ya Aprili na Agosti fukwe zake huweza kujaa mwani wa kahawia uitwao sargassum, wenye harufu nzito. Tulipofika Julai ulikuwa umelala ufukweni hadi kwenye vifundo vya miguu. Cozumel upande wa bandari husalimika kwa kuwa hautazami bahari kuu.

Kama moyo wako uko Grand Cayman au Belize City, fikiria ukubwa wa meli. Hapo hakuna gati ya meli hizi. Unashushwa kwa boti ndogo, na Belize City meli hutia nanga mbali kwa sababu kina cha maji ni kifupi. Aprili 2025 wananchi wa Cayman walipiga kura ya maoni wakakataa kujengwa gati. Kwa hiyo meli za ukubwa wa Icon hazifiki kule, na anayetaka kufika kule achague meli ya kiasi. Kwa mwenye magoti mabovu, kuruka kwenye boti inayocheza si jambo dogo.

Sasa Roatán. Wengi hushuka wakaenda ufukweni, na ufukwe ni mzuri. Sisi tulichukua gari mpaka Punta Gorda, kijiji cha Wagarifuna upande wa kaskazini wa kisiwa. Hawa ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent, Waingereza waliwang'oa huko na kuwatupa Roatán mwaka 1797, na mpaka leo 12 Aprili wanaadhimisha kufika kwao. Lugha yao, ngoma na muziki wao vimo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO.

Tulikaribishwa chini ya paa la makuti. Mwanamke mmoja wa rika la mama alikuwa anatwanga ndizi zilizochemshwa, mbichi na mbivu pamoja, kwenye kinu cha mti, mchi mrefu, mapigo yaleyale. Pembeni sufuria ya samaki kwenye tui la nazi. Wanakiita machuca. Mama hakusubiri mkalimani. Alinyoosha mkono akaomba mchi, yule mwanamke akampa, wakatwanga kwa zamu bila neno hata moja la pamoja. Alipoonja mchuzi alifumba macho, akasema, "Huu umekosa ndimu kidogo tu." Kisha wakaanza ngoma, na mwanangu wa kiume akanishika mkono akauliza kama hawa ni ndugu zetu. Nilimwambia kwamba babu zao walitoka Afrika, upande mwingine na wetu, na kwamba hawakuja kwa hiari. Kama safari nzima ingekuwa saa zile mbili tu, ningelipa tena.

Tulikaribia kuachwa siku hiyo. Honduras haisogezi saa majira ya joto, Texas inasogeza, na simu yangu ilirudi nyuma saa moja yenyewe bila mimi kujua. Mimi naona saa saba na nusu, kumbe kwa saa za meli ni saa nane na nusu, na mwisho wa kupanda ni saa kumi. Aliyetuokoa ni mume wangu aliyekuwa na saa ya mkononi. Tulifika gatini zimebaki dakika ishirini. Beba saa ya mkono, iache kwenye saa za meli, usiiguse. Ukitoka na matembezi yaliyouzwa na meli, meli hukusubiri. Ukikodi gari mwenyewe, haisubiri.

Mashariki: miji na vilima

Upande huu visiwa viko karibukaribu, na unaona nchi kavu mara nyingi zaidi. St. Thomas ilinigusa kwa sababu ndogo. Teksi zao ni magari ya mizigo yaliyofungwa mabenchi nyuma na paa juu, pembeni wazi, na wenyeji wanayaita "safari". Ndiyo, neno letu. Dereva hakujua limetoka wapi, mama alimweleza. Kingine cha kushangaza, wanaendesha kushoto kama Tanzania na Kenya, huku usukani ukiwa kushoto kama Marekani. Kisiwa kilikuwa cha Denmark mpaka mwaka 1917, Marekani ilipokinunua pamoja na jirani zake kwa dola milioni 25. Utumwa ulikomeshwa huko 3 Julai 1848, na siku hiyo ni sikukuu. Kwa kuogelea, Magens Bay ina mchanga mlaini na maji yaliyotulia, bora kwa watoto wadogo.

St. Maarten imegawanywa kati ya Waholanzi na Wafaransa tangu 1648, na unavuka mpaka bila kusimamishwa. Vijana watataka Maho Beach, pale ndege zinapopita juu ya vichwa zikitua. Nenda, ila simama mbali na uzio wa uwanja, kwa kuwa upepo wa injini umewahi kuangusha watu.

Ratiba yako ikiwa na San Juan, Puerto Rico, hesabu kuwa ni faida. Meli nyingi hufunga chini ya mji mkongwe na unatoka kwa miguu. Ngome ya El Morro ilianza kujengwa 1539 na imo kwenye urithi wa dunia tangu 1983. Anayezijua kuta za Fort Jesus, Mombasa, atasimama hapo kwa muda mrefu. Barabara ni za mawe na zina mwinuko. Mzee apande teksi mpaka juu, ashuke kwa miguu taratibu.

Visiwa vya kampuni za meli huko Bahamas ni salama na safi, chakula kimo, viti vya ufukweni vimo. Lakini mchezo wowote wa maana unalipiwa, na hutaona maisha ya Mbahama yeyote. Kwa wenye watoto wachanga siku hiyo ni nafuu. Kwa mtu mzima anayetaka kujua amefika wapi, haimpi kitu.

Kulifikia gati

Kwetu Houston, Galveston ni kama kilomita 80 kwa gari. Hatukulipa ndege tano, tulilipa maegesho tu, na hiyo peke yake ilitosha kuamua safari ya kwanza. Mnaokaa Dallas mnaweza kuendesha asubuhi moja. Mji wenyewe una heshima yake: hapo ndipo 19 Juni 1865 ilisomwa amri ya kuwajulisha watumwa wa Texas kwamba wako huru, ile Juneteenth. Fikeni mapema mpatembee.

Wifi wa Columbus atapanda ndege kwa vyovyote, kwa hiyo Miami inampendeza zaidi: uwanja wa ndege uko karibu na bandari, na Fort Lauderdale iko jirani bei zikipanda. Popote pale, fika siku moja kabla. Ndege ya asubuhi ikichelewa, meli imeondoka. Mabegi makubwa huchukuliwa gatini na huletwa chumbani jioni, basi dawa za mzee, nguo za kuogelea za watoto na chaja viwe kwenye begi la mkononi. Mjamzito aliyefikisha wiki 24 kampuni kubwa hazimpandishi kabisa.

Mwisho wa yote wifi amechukua Mashariki, ila ratiba nyingine yenye San Juan, Februari, sitaha ya sita katikati, vyumba viwili vinavyopakana. Watoto wake wanaogopa maji, na mumewe anataka kuiona El Morro. Mama kasikia, akasema yeye anarudi Roatán, na safari hii anabeba ndimu.